Kinachofanana na Divai

Nakeno, kidato cha tatu, alirudi Lodwar kutoka shule ya bweni akiwa na chupa ya malti, kinywaji cha shayiri, sandukuni, zawadi ya rafiki yake Aisho wa Kakuma. Chupa ilikuwa ya kijani, shingo imevikwa karatasi ya dhahabu, na ubavuni imeandikwa kwamba kilevi ni sufuri. Kwa kina Aisho, watu wasiogusa pombe hata kwa kidole, hiyo ndiyo iliyonywewa Idi, na ndiyo ingenywewa kwenye harusi ya dada yake Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nakeno alikuwa amealikwa.

Mama yake, Akoru, shemasi wa kanisa, aliinusa chupa, akaimwaga mchangani.

"Imeandikwa sufuri, Mama."

"Nimesoma. Kinachofanana na pombe ni pombe. Leo sufuri, kesho nakuokota mtaroni. Na Kakuma huendi."

"Wale ni Waislamu. Hawalewi."

"Basi wanafanya mazoezi."

 Nakeno aliiandika amri hiyo ya kinachofanana na pombe kwenye daftari lake la dini, kwa mwandiko mzuri, akaipigia mstari.

Jumapili ilikuwa ya Meza ya Bwana. Akoru alipita kati ya mabenchi na sinia la vikombe vidogo mpaka akamfikia binti yake. Nakeno akafunika mdomo kwa kiganja, kwa unyenyekevu mkubwa.

"Chukua," Akoru alinong'ona.

"Siwezi, Mama. Kinafanana na divai."

"Ni juisi ya zabibu. Nimeichanganya jikoni, ukiwepo."

"Nilikuwepo. Hata yangu ilikuwa juisi ya shayiri."

Wimbo uliisha, ukaanzwa tena toka ubeti wa kwanza. Mzee Lomorukai, aliyeketi karibu na Nakeno, akakohoa.

"Shemasi, huyu mtoto ana dhambi gani?"

"Hana." Vikombe viligongana kwenye sinia. Akoru akainama. "Unataka niaibike hapa?"

"Nataka kutii. Au amri imebadilika?"

Wakatazamana. Macho yao yalikuwa ya namna moja, na hakuna kati yao aliyezoea kuyashusha.

"Utaenda Kakuma," Akoru alisema kupitia meno. "Na huko utakunywa maji."

"Nitakunywa wanachokunywa wenyeji wangu."

Lomorukai alinyoosha mkono, akajichukulia kikombe chake bila kungoja ruhusa. Bado Nakeno hakuondoa kiganja mdomoni.

"Chupa moja," Akoru alisema.

Nakeno akachukua kikombe, akanywa, akasema amina kwa sauti ya kusikika hadi benchi la nyuma. Kichwa hakukiinamisha.