Matanga ya Régina Yalivyokwama

Nilikuwa tayari kunyolewa. Mbuzi ameshachinjwa, mpunga umetwangwa, wazee wa ukoo wameketi, na mimi, Lwamba, muuza vipuri vya pikipiki wa Kasongo, niko mkekani kwa wakwe zangu Kabambare nikiwa na nywele na ndevu za mwaka mzima. Kwetu mwanamume aliyefiwa na mke hanyolewi wala haoi tena mpaka upande wa marehemu umwachilie. Nilitaka kuachiliwa, sioni haya kusema. Kichwa kiliniwasha, duka lilikuwa linakufa, na nilichoka kuwa na huzuni mbele za watu.

Ndipo shemeji Zacharie akafungua mdomo. Huyu ni mdogo wa marehemu mke wangu, Régina. Anafanya utafiti wa kansa Ubelgiji, na kama wasomi wengi, hajui kunyamaza. Régina alipopasuliwa titi kule Bukavu, alikubali mwenyewe kipande cha uvimbe kipelekwe kwenye maabara ya mdogo wake. Sasa, mwenye wembe akiwa ameshaniinamia, bwana mkubwa akatoa simu kuonyesha picha. Akasema chembe za mwili wa Régina bado zinakua kwenye kisahani cha maabara, zinalishwa vizuri, na aliziacha salama.

Mama mkwe wangu, Mama Apolline, akauliza kama amesikia sawasawa, kwamba ziko hai. Zacharie akajibu kwa fahari kwamba ziko hai kabisa.

"Basi matanga iishe namna gani?" mama akasema. "Mutu hawezi kuliliwa mpaka mwisho wakati kipande yake ingali inakula."

Wazee walilijadili jambo hilo kwa uzito wote. Mmoja aliuliza kama misa ya marehemu iliyosomwa ilikuwa halali. Mwingine alitaka kujua kama Régina wa kisahani bado ni mke wangu, na kama ndivyo, kwa nini analishwa na ndugu yake wakati mume yupo. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba mbuzi aliwe kabla hajaharibika. Akaliwa, nami nikabaki na nywele zangu.

Siku zilizofuata nilimtukana mama mkwe moyoni kwa kila lugha ninayoijua. Yeye wala hakujali. Alikuwa amechangamka. Kila asubuhi alimwuliza Zacharie Régina ameamkaje, na yule mpumbavu alituma ujumbe Ulaya kuuliza.

Mwishowe nilimshika shati nikamwambia atengeneze alichoharibu. Akaketi mbele ya mama yake, aliyekuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, akamweleza kazi yake. Chembe za mwili, alisema, hushikana, ndiyo maana mtu anakaa pamoja. Za kansa hulegea. Moja hujitenga, husafiri na damu, kisha hujishikiza mahali pengine na kuanza upya. Yeye huzichunguza moja moja, kwa kuwa tabia zao hazifanani, na huivuta kila moja kwa sindano nyembamba kuliko unywele ili apime inang'ang'ania kwa nguvu gani.

Mikono ya mama ilisimama.

"Ile yenye munalisha, ndiyo ile ilimuua?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile yake muzuri, ya Régina mwenyewe?"

"Hakuna. Ilikufa naye."

Hapo ndipo ningeshangilia, maana kilichonizuia kunyolewa kilikuwa kimeondoka. Nilishindwa. Kumbe siku zote zile za kutukana, nami nilikuwa nimezoea kwamba mke wangu yuko mahali fulani, anakula. Nililia kwa sauti kubwa kuliko nilivyolia kaburini, na wala sikujali ni nani ananiona.

Zacharie aliogopa. Akasema mama akitaka, atapiga simu sasa hivi zimwagwe.

"Hapana," akasema Mama Apolline. "Musiziue. Rudia kule, uzivute. Moja moja."

Kisha akanigeukia mimi.

"Mukwe, kesho wakunyoe. Mutoto wangu alikufa yote."