Farasi Mwenye Uso wa Mtu

Mwalimu mstaafu Kinuthia wa mtaa wa Skuta alikusanya sarafu za kale tangu ujana wake, na Nyeri nzima hakuona wa kumfikia. Rafiki yake Mwai, mkulima wa chai kule Othaya, hakuwahi kukusanya chochote. Ndiyo maana moyo ulimchoma Kinuthia Jumapili ile, Mwai alipomwekea kiganjani kipande cha fedha kisichozidi ukucha wa dole gumba.

"Binti yetu Nduta ametuletea kutoka Ufaransa," Mwai alisema. "Alipewa na mzee mmoja aliyekuwa anamuuguza. Ati ni ya Wakelti. Wewe ndio unajua hizi vitu, Mwalimu. Ni ya ukweli?"

Kinuthia aliigeuza. Upande mmoja kulikuwa na kichwa chenye nywele za mawimbi. Upande wa pili, farasi anayekimbia, mwenye uso wa mtu. Aliitambua papo hapo. Watu hao wa kale waliifua kabla Warumi hawajaiteka nchi yao, na yeye maisha yake yote aliishia kuitazama vitabuni. Leo imejileta yenyewe kwa mtu anayeweza kuisahau mfukoni mwa koti la shamba!

"Ni bandia," alisema. "Wanauzia watalii."

Alingoja aambiwe, basi ichukue wewe.

"Sawa tu," Mwai alicheka. "Itamfaa mama shingoni."

Akaleta drili, akaibana sarafu kwa koleo. Kinuthia alishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili. Aseme? Akisema, itabaki kuwa ya Mwai. Drili ikanguruma.

"Ngoja!" alipaza sauti. "Ni ya kweli!"

Ncha ilikuwa imeshatokea upande wa pili, katikati ya shingo ya farasi.

Mwai alimtazama. "Kwani ulikuwa unajua?"

Mwai alipuliza unga wa fedha, akapitisha uzi, akamwita mkewe Wacera na kumvisha shingoni.

"Mwalimu anasema ni ya ukweli," alimwambia, asiongeze neno. Wala hakumwongezea Kinuthia chai.

Wacera alitoka mbio kuwaonyesha majirani. Kinuthia alipofika langoni aliwakuta wamemzunguka, kila mmoja akitaka kuigusa. Aibu ilimjaa hadi masikioni. Na bado, pamoja na tundu lake, aliitamani.