Beberu wa Mkurugenzi

Kikao kilianza kwa chai iliyopoa. Chumba cha mikutano kilikuwa bado kinanuka sponji iliyoungua, kwa hiyo katibu muhtasi alifungua madirisha. Upande mmoja wa meza alikaa mkurugenzi wa kiwanda cha magodoro pamoja na mwanasheria wake. Upande wa pili alikaa mlinzi, peke yake. Washonaji watatu walikuwa bado hospitalini. Waliungua wakiusukuma mlango wa nyuma, na mlango ulikuwa na kufuli.

Mkurugenzi alieleza kwa upole kwamba milango yote ni kazi ya mlinzi. Kisha akaongeza, kwa Kiingereza alichokipenda kuliko wanawe, kwamba kampuni haitafuti *scapegoat*, yaani mbuzi wa kutwikwa makosa ya wengine.

Mbuzi akagonga mlango.

Hakuna aliyeshtuka. Tangu mkurugenzi ahudhurie semina ya uongozi, kila neno lake la Kiingereza lililotoka katika Biblia lilifika na asili yake. Alipowasifu vijana wa mauzo kwa *talent*, yaani kipaji, pande la fedha lilidondoka kutoka darini likavunja meza ya kahawa, maana zamani neno hilo, talanta, lilikuwa jina la uzito wa fedha. Baada ya hapo alikuwa akipima maneno. Hili lilimponyoka.

Mbuzi mwenyewe alikuwa beberu mweupe. Mapokezi walikwisha kumvika beji ya mgeni. Katibu muhtasi akamsogezea kiti.

Mwanasheria, aliyepitia seminari kabla ya kusoma sheria, alifafanua utaratibu. Kuhani huweka mikono miwili juu ya kichwa cha mbuzi, huungama makosa ya watu wote, na mbuzi huondoka nayo kwenda nyikani. Mwingereza mmoja, katika kufasiri Biblia, alimwita *scapegoat*, mbuzi anayeponyoka.

"Kwa hiyo anayebebeshwa ndiye anayepona?" mlinzi aliuliza.

"Kwa asili ya neno, ndiyo, mzee wangu."

Beberu hakukaa. Alimwendea mkurugenzi akamwekea kichwa kifuani. Mkurugenzi alinyoosha mikono amsukume, mikono ikaganda pale pale, na mdomo ukafunguka wenyewe. Akasema kwamba yeye ndiye aliyeagiza kufuli, ili washonaji wasitoke kupunga upepo. Mlinzi alimwomba ufunguo zaidi ya mara moja, akajibiwa kwamba kazi yake ni geti, si ushauri. Siku ya moto ufunguo ulikuwa harusini, mfukoni mwa suti ya mkurugenzi.

Mlinzi alilia kimya kimya. Tangu moto ule mkewe alikuwa hamtazami usoni, na sasa alikuwa na la kumwambia.

Mikono ikaachia. Beberu alitoka akiyumba kwa uzito, akashuka ngazi akikoroma, akavuka barabara na kushika njia ya kutoka mjini. Mkurugenzi alisema anajisikia mwepesi. Kweli, hata mikunjo ya paji la uso ilikuwa imenyooka.

Mlinzi aliuliza kama sasa anaweza kurudi getini.

"Hapana, mzee wangu," alisema mwanasheria, kwa masikitiko ya kweli. "Andiko linataka mbuzi wawili. Mmoja ndiye huachiwa."

Mlinzi alikuwa amefuga mbuzi maisha yake yote. Hakuuliza wa pili hufanywa nini. Alisimama, akanyoosha sare yake, akawafuata polisi waliokuwa wakimsubiri koridoni. Mkurugenzi, ambaye kwa wakati huo hakuwa na kosa hata moja, alimsindikiza mpaka ngazini na kumwombea.