Shimo la Dole Gumba

Fundi wa fimbo za kuvulia samaki aliitwa Msasa, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mletee fimbo iliyopasuka au iliyolegea, ataitengeneza huku anapiga soga. Raha yake hasa ilikuwa mipini. Mipini ile hutengenezwa kwa gamba jepesi la mti, lile lile la vizibo vya chupa, nalo hunywa jasho, shombo na uchafu wa miaka. Msasa akiona mpini mweusi, mikono inamwasha.

Jumanne moja dada yake mkubwa akaingia dukani na fimbo ya marehemu baba yao, kaiviringisha kwa shuka.

"Mpini umeota ukungu," dada alisema. "Mama anakohoa. Ufute kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, basi. Usiongeze lako."

"Dada, leo unanifundisha kazi?"

"Nakujua wewe. Futa tu."

Kufuta tu! Kamwambie paka alinde maziwa. Aliufuta kweli, kwa sabuni na mswaki mkuukuu, ukungu ukatoka wote, na hapo angenawa mikono yakaisha. Lakini aliona vishimo, na vishimo kwake ni matusi. Akachanganya unga wa gamba na gundi, akaviziba vyote, vikubwa kwa vidogo, huku anabishana habari za mpira na jirani yake mshona viatu. Ulipokauka akaupiga msasa, wa kukwaruza kwanza kisha ule laini, akaupaka mafuta. Mpini ukawa kama umenunuliwa jana.

Alhamisi dada akaja kuichukua. Akapitisha mkono kwenye mpini, akarudia taratibu, kisha akakaa kwenye kibao cha wateja bila kukaribishwa.

"Lile shimo liko wapi?"

"Shimo gani?"

"La dole gumba la baba. Mama haoni tena, unajua. Kila jioni anaishika hii fimbo, anaweka dole lake palipokuwa la mumewe. Anasema ni kama kamshika mkono. Ndiyo maana nikakwambia futa tu."

Msasa akaichukua fimbo, akaugeuza mpini huku na huku. Gamba likishaliwa na msasa halirudi. Kingo za lile shimo alikuwa amezifagia juzi pamoja na vumbi la dukani. Wala hakukumbuka lilikuwa upande gani. Aliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kujificha.

"Usimwambie mama," akasema. "Kesho nitampelekea mwenyewe."

"Utampelekea nini?" dada akauliza, akaondoka bila kungoja jibu.

Sasa mwenye akili si angekwenda akaungama? Wapi. Fundi hudhani kila kosa lina gundi yake. Aliushika mpini kwa mkono wa kulia, akatia alama ya penseli penye dole lake, akaanza kuchimba kidogo kidogo. Na alivyokuwa akichimba, baba yake akamjia. Kila siku ya mapumziko mzee alikuwa akisimama mlangoni pa duka na fimbo hii hii begani. "Twende, leo maji yametulia." Naye: "Wiki ijayo, baba, nina kazi za watu." Miaka kumi na moja ya wiki ijayo. Alitengeneza fimbo za mji mzima, na ukingoni mwa mto hakuwahi kusimama na baba yake hata siku moja. Jambo hilo lilimuuma mpaka akaweka msasa chini, akalia. Kisha akajifuta, akamalizia shimo.

Kesho yake alimkuta mama kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Umeniletea mume wangu?" mama akatania.

"Nimekuletea, mama. Kaoga."

Mama akacheka, akaipokea. Dole lake likaliona shimo, likaingia, likatoka. Akaugeuza mpini, akapapasa upande wa pili, akarudi pale pale.

"Hili ni lako," alisema.

Jino la pembe si dawa ya pengo, na Msasa akajua ameumbuka. Akaeleza yote: ukungu, gundi, msasa, penseli. Akaomba radhi. Mama hakumkaripia. Mkono wake ulikuwa bado kwenye mpini.

"Nilikuwa najiuliza mbona umelichimba upande huu," alisema. "Bega la kulia lilimsumbua miaka yote ile. Akivua alishika fimbo kwa kushoto. Na wewe ulikuwa ukienda naye kila wiki. Umesahau?"

Msasa akainua kichwa.

"Kila akirudi namuuliza, mwanao hajambo? Ananiambia hajambo, tumeshinda naye mtoni. Na akija na samaki mkubwa husema, huyu kamvua mwanao. Nikawa namla hadi kulamba vidole, kwa jina lako."

Msasa alitaka kusema kweli. Lakini kuisema ni kumfanya baba mwongo mbele ya mkewe, naye hawezi tena kujitetea.

"Nimesahau, mama," akasema.

"Si neno. Siku nyingi zimepita," mama akasema, akaendelea kupapasa upande wa kushoto.