Kapasita Kumi na Nane

Mzee mmoja aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule aliingia kwenye karakana ya Mama Waya asubuhi ya Jumatatu, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa shuka kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa amestaafu miaka kumi na moja, lakini mtaani waliendelea kumwita Mkaguzi, na yeye hakuwapa sababu ya kuacha. Mwenye duka alijua kwamba kilo ya sukari aliyompimia itapimwa tena nyumbani. Binti yake wa pekee, muuguzi katika mji mwingine, alijua kwamba akimwambia baba yake ameshakula, swali linalofuata ni "Umekula nini?"

Mama Waya alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mkavu wa maneno. Alitengeneza redio, runinga na chochote chenye waya, katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vioo. Alifungua shuka, akaitazama ile kompyuta: boksi la plastiki lililogeuka njano, vibonye vimekaa juu yake, aina ile ya zamani iliyounganishwa na runinga na kusoma programu zake kutoka kwenye kaseti.

"Imekula chumvi hii, mzee. Ina tatizo gani?"

"Ilianza kutetemesha picha, ikazima. Haijawaka tena."

"Sawa. Niachie, urudi Alhamisi."

"Siiachi. Nitakaa hapa hapa mpaka uimalize."

Mama Waya alimtupia jicho. Wateja wasiomwamini alikuwa amewaona wengi, lakini wale walileta simu mpya, si boksi ambalo hata mnunua vyuma chakavu angelifikiria mara mbili. Lazima kuna jambo, alijiambia. Akavuta kigoda, akakipangusa, akamwonyesha akae upande wa pili wa meza.

Ukweli ni kwamba Mkaguzi hakuogopa kompyuta iibwe. Aliogopa isomwe. Ilikuwa ya marehemu mkewe, fundi cherehani, aliyeletewa na kaka yake aliporudi kutoka masomoni. Kwa miaka miwili hivi, kabla haijaharibika, mkewe alikuwa akijifungia chumba cha kushonea kila alasiri, na badala ya cherehani Mkaguzi akawa anasikia vidole vikigonga vibonye. Akiingia, runinga inazimwa.

"Unaandika nini?"

"Vipimo vya wateja."

Vipimo gani hivyo vya kuandikwa mlango umefungwa? Hakuuliza tena, ila hakusahau. Sasa mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mzima, na wakati wa kupanga vitu vyake Mkaguzi alikuta, chini ya vipande vya vitambaa, kaseti moja isiyoandikwa kitu. Kaseti hiyo ilikuwa mfukoni mwa koti lake, na mkono wake haukukaa mbali nayo.

Mama Waya alilegeza skrubu, akainua kifuniko. Harufu kama ya samaki aliyechacha ikajaa mezani.

"Umeisikia hiyo? Ni kapasita zinavuja." Kwa ncha ya bisibisi alimwonyesha vidude vyenye umbo la mapipa madogo vilivyosimama kwenye bodi. "Kazi yake ni kuweka umeme akiba na kuutoa kwa utulivu. Zikizeeka zinavimba, zinatoa maji, na maji hayo yanakula shaba. Nitazing'oa zote, nisafishe, niweke mpya."

Kisha akasogeza taa karibu. Juu ya kila kapasita palikuwa na nukta nyekundu.

"Na hii nini?"

Mkaguzi alikohoa. "Rangi ya kucha."

"Imefikaje humu?"

"Niliipaka mwenyewe, Jumamosi. Ili nijue vyangu ni vipi, nisije nikabadilishiwa."

"Mzee, umeniletea vitu nivibadilishe, halafu umevitia alama visibadilishwe?"

"Sikujua kibovu ni kipi."

Mama Waya aliweka bisibisi chini. "Basi na mimi niulize. Mashine ni ya nani?"

"Ya mke wangu. Amefariki."

"Pole. Inawashiwa wapi?"

Mkaguzi alilitazama boksi mbele, akalizungusha, akalitazama nyuma. Katika maisha yake yote hakuwahi kuiwasha.

"Unanihoji kama mwizi?" aliuliza, na masikio yake yakapata moto.

"Wewe umenitia alama kama mwizi. Tuko sawa. Nipe mtu wa kunithibitishia, la sivyo funga shuka lako."

Ikabidi mtu aliyekagua shule mia moja na zaidi atoe namba ya simu ya binti yake ili athibitishwe. Binti alicheka mpaka akapaliwa. "Ni ya mama, fundi. Na huyo ni baba kweli, hakuna mwingine. Pole sana."

Kazi ikaanza. Mama Waya alipasha moto chuma cha kulehemu, akayeyusha risasi ya kulehemia chini ya bodi, akavuta kapasita moja moja kwa kibano na kuzitia kwenye kikombe cha plastiki. Kabla ya kutoa kila moja alichora kwenye karatasi upande wake hasi na chanya, kwa sababu mpya ikigeuzwa inaweza kupasuka. Mkaguzi naye alikuwa na karatasi yake. Kila kapasita ilipoanguka kikombeni, aliweka mstari. Redio ya kinyozi iliimba upande wa pili wa ukuta, ikatangaza habari za saa sita, ikaimba tena.

Kama saa nane mchana Mama Waya alisema, "Zimekwisha."

Mkaguzi alimimina kikombe mezani, akahesabu. Akahesabu tena. "Kumi na nane."

"Naam."

"Bodi inasema kumi na tisa. Nimesoma namba zilizochapwa, zinaanzia moja mpaka kumi na tisa. Moja iko wapi?"

"Sikuiona nyingine."

"Fundi, mimi nimekuwa mkaguzi miaka thelathini. Kitu hakitembei chenyewe." Alisimama. "Naomba uoneshe mifuko."

Mama Waya alimtazama bila kupepesa. Halafu akageuza mifuko ya aproni yake nje, mmoja baada ya mwingine. Kipande cha chaki. Kitambaa cha mkono. Pipi ya koo. Kinyozi, aliyekuwa amesogea mlangoni aliposikia sauti zikipanda, alitikisa kichwa na kurudi kwake.

"Umeridhika?" Mama Waya alichukua lenzi, akamkabidhi. "Sasa kagua hapa. Namba kumi na mbili."

Mkaguzi aliinama. Namba ilikuwepo, na chini yake matundu mawili yaliyozibwa kwa risasi safi inayong'aa, bila dalili ya moto.

"Hapo hapajakaa kitu tangu bodi itoke kiwandani. Waliacha nafasi, wakaona haihitajiki. Na hesabu nukta zako. Ulipaka ngapi?"

Alihesabu. Kumi na nane. Alikuwa amepaka kumi na nane kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaamini namba kuliko macho.

"Fundi, mimi..."

"Mashine imelala tumbo wazi," Mama Waya alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ichukue hivyo hivyo, au iache na uondoke. Sifanyi kazi tena na wewe ukiwa kwenye kigoda hicho."

Mkaguzi akaondoka mikono mitupu, isipokuwa ile kaseti. Jumanne nzima alizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara ajiambie atakuta karakana imefungwa na fundi ametoweka, mara ajiulize ni mwizi gani basi anayeiba kapasita moja akaacha kumi na nane mezani.

Jumatano alirudi karakana, akakuta kompyuta imeunganishwa na runinga ndogo. Kapasita mpya zilisimama wima kwenye bodi iliyosuguliwa ikang'aa. Mama Waya alipima umeme kwa mita, akaridhika, akabonyeza swichi. Skrini ikatulia, na kijisanduku cheupe kikaanza kupepesa kwenye kona.

"Una kitu cha kujaribia?"

Mkaguzi alitoa kaseti. Akasita. "Fundi, ungetoka nje kidogo."

"Nitoke kwenye karakana yangu?"

Akampa.

Mama Waya aliitia kwenye kinasa sauti kilichounganishwa na kompyuta, kikapiga kelele za kukwaruza. Mara ya kwanza haikusoma. Mama Waya alisafisha kichwa cha kinasa kwa pamba na spiriti, akarudisha kanda mwanzo. Mara ya pili maneno yakatokea, herufi kubwa, na Mkaguzi akashika ukingo wa meza.

HESABU ZA LEO. SWALI LA 1. GAUNI MOJA LINATAKA MITA 2 NA NUSU. MAGAUNI 14 YANATAKA MITA NGAPI?

Mama Waya alijibu swali, likaja la pili, akaruka mpaka mwisho. Palikuwa na orodha ya tarehe, na mbele ya kila tarehe alama kwa mia. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Arobaini. Alama zilipanda na kushuka, ukurasa baada ya ukurasa, hadi themanini na tatu. Chini yake: MTIHANI JUMATANO.

Mkaguzi alikaa. Mkewe aliacha shule bila cheti kwa sababu ya hesabu. Na yeye, kila wageni walipokuja, alikuwa na mzaha wake: mke wangu akikata kitambaa hakosei, ila msimwambie ajumlishe! Wageni walicheka. Mkewe pia alicheka, akiwa amebeba vikombe kwenda jikoni.

Alimpigia binti yake. "Ulijua mama yako alikuwa akijifunza hesabu?"

"Nilijua, baba. Nilikuwa namsahihishia mimi, mpaka alipoifundisha kompyuta imsahihishe."

"Alifanya mtihani?"

"Alifanya. Akafaulu. Cheti kiko kwangu."

"Miaka yote hii? Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema, 'Baba yako atataka kuiona karatasi.'"

Mkaguzi alifungua mdomo kusema hiyo si kweli, akagundua kwamba swali lililokuwa tayari ulimini mwake lilikuwa, Alipata ngapi? Akalimeza.

"Njoo Jumamosi," binti alisema. "Utakiona."

Alipokata simu, macho yake yalikuwa mekundu. "Fundi, nilikukosea juzi."

"Ulinikosea," Mama Waya alisema, bila kumpunguzia. Halafu akamsogezea kibodi. "Nataka iwake saa moja nione kama inapata moto. Jibu wewe, mimi nina redio ya mtu."

Swali la kwanza alilipata. La pili, la mashati na vifungo, alikosa, akadai kompyuta bado ni mbovu. Mama Waya alikuja na kalamu, wakalipigia hesabu pamoja pembeni mwa gazeti, mstari kwa mstari. Kompyuta haikuwa mbovu.