Springi kwenye Nguzo ya Tatu

Mimi ndiye niliyemwambia Duane asipande juu ya paa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mji huu wananionea huruma. Wananiletea pai za nyama na viazi hadi mlangoni, wananiambia pole Lorna, ulifanya ulichoweza. Hawajui. Au wanajua na wanajifanya hawajui, maana sisi watu wa rasi hii ya Keweenaw ni mabingwa wa kunyamaza, hasa theluji ikishaanguka.

Kwetu paa halisubiri. Unaweza usionekane kanisani miezi mitatu na hakuna atakayekuuliza, lakini paa lako likikaa wiki moja bila kuondolewa theluji, jirani atakuja na koleo lake bila kuitwa, akuondolee huku anakusema. Jumba la zamani la chama cha wasiokunywa pombe lilisafishwa paa kila Jumatano na kila Jumamosi, na mwenye kazi hiyo alikuwa Duane Ruona, mtu wa mabega mapana na mdomo usiopumzika. Jumba lilijengwa na babu zetu wachimba shaba, kwa mbao, na mbao hizo zilikuwa na miaka mia moja na zaidi.

Ndani ya jumba hilo Wilbert Kestila alikuwa anaandaa onyesho lake la mwisho. Wilbert alikuwa fundi redio mstaafu, miaka sabini na mmoja, na masikio yake yalikuwa yanamwacha. La kushoto lilishakwenda kabisa. La kulia lilibakiwa na sauti nzito tu, zile ambazo mtu huzisikia kwa kifua kabla ya kuzisikia kwa sikio. Maneno ya watu aliyasoma midomoni, kama kulikuwa na mwanga wa kutosha. Muziki aliusikia kwa kukaa ameegemea spika zake mbili kubwa. Alitaka apige muziki mara moja tu mbele ya watu kabla hata hizo spika hazijawa bubu kwake, na mimi nilitaka apige, nilitaka kuliko kitu chochote mwaka ule. Ndiye aliyenifundisha kulehemu nikiwa na miaka kumi na tisa, wakati kila mtu alisema mikono yangu ni ya kukandia mkate.

Alichokipiga ni sinthesaiza ya vipande. Ni kabati la mbao lenye vipande arobaini vya chuma, kila kimoja na kazi yake: hiki kinatoa sauti, hiki kinaikata, hiki kinaichelewesha, na wewe unaviunganisha kwa waya za rangi rangi mpaka kabati linafanana na kikapu cha nyuzi kilichochezewa na paka. Vingi nilivitengeneza mimi. Kwa onyesho hili aliniomba cha mwangwi wa springi.

Ukikiona utakidharau. Ni kibati kirefu cha bati, ndani yake springi tatu nyembamba zimevutwa toka mwanzo hadi mwisho. Sauti inaingia upande huu, inazitikisa springi, inatokea upande wa pili imerefuka na kulowa, kana kwamba mtu amepiga kelele ndani ya tangi tupu. Tatizo la springi ni kwamba hazichagui. Ukikigonga kibati, zinapiga radi. Ukikisogeza karibu na transfoma, zinavuma. Ndiyo maana kila fundi mwenye akili hukilaza juu ya sponji, mbali na kila kinachotikisika.

Wilbert hakutaka sponji.

"Kifunge kwenye nguzo," akaniambia. "Kwa bolti."

"Mzee, kitasikia kila mlango unaofungwa."

Akaisoma midomo yangu, akacheka. "Si ndicho ninachotaka? Mimi milango sisikii siku hizi. Acha kinisikilizie."

Nikakifunga kwenye nguzo ya tatu, ile iliyobeba kenchi kubwa ya katikati ya paa. Na nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Noti moja nzito ilipoingia kwenye springi, jumba zima liliitikia, mbao, misumari, vioo, na Wilbert akafumba macho machozi yakimtoka bila aibu. Nililia pia. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama siku ile.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano tukaanza kurekodi mazoezi, na Duane akapanda paa kama kawaida yake. Kila alipokwangua, mkwaruzo ulishuka kwenye nguzo, ukaingia kwenye springi, ukatoka kwenye spika ukiwa mkubwa kama wa mnyama anayechimba chini ya nyumba. Wilbert akanyoosha mikono juu kwa kukata tamaa. Nikatoka nje bila hata koti.

"Duane! Hebu shuka!"

"Nishuke niende wapi? Upande mzima bado huu."

"Unatuharibia rekodi."

"Mimi? Mimi niko juu ya paa, mama, nyie mko ndani mmekaa. Nawaharibia nini, usingizi?"

"Springi zinasikia koleo lako."

Akaliegemea koleo, akanitazama kutoka kule juu. "Springi zinanisikia. Makubwa! Miaka ishirini na sita mke wangu hanisikii, leo springi zinanisikia. Si bora nihamie kwao?"

Nilicheka. Baridi ilikuwa inaniuma masikio na bado nilicheka. "Acha mpaka Jumatatu basi. Onyesho ni Jumapili. Likiisha, Jumatatu kwangua hata mbao zenyewe."

"Lorna, kesho inakuja theluji nyingine. Na si ile ya unga, ni ya maji maji. Ile ni nzito, unajua mwenyewe."

"Jumatatu, Duane."

"Haya bosi. Paa lenu, springi zenu." Akatupa koleo chini, akashuka ngazi, akaenda zake.

Alhamisi ikaanguka kutwa nzima. Ilikuwa ya maji maji, kama alivyosema. Ijumaa ikaongeza.

Ijumaa hiyo asubuhi nilikuwa peke yangu ukumbini, nimewasha mashine ipate joto, hakuna anayepiga. Kwenye spika kukatoka *tak*. Kavu, fupi, halafu mkia mrefu wa mwangwi ukatambaa ukutani mpaka ukaisha. Nikasimama nikasikiliza. Baada ya dakika tano hivi, *tak* tena.

Fundi akisikia mlio ambao hakuuita, anajua mchawi ni nani: kiungo kibovu cha risasi ya kulehemu. Nikakifungua kipande cha mwangwi, nikakichomelea upya viungo vyote, hata vilivyong'aa vizuri. Nikabadilisha waya. Nikaisogeza transfoma mita mbili zaidi. Nilipowasha tena, *tak*. Nikakitukana kile kibati matusi ambayo babu zetu waliolijenga jumba wasingeyakubali. Masaa matatu nilitafuta ubovu ndani ya kidude cha bati, na kichwa changu sikukiinua juu hata mara moja. Si ajabu? Nilikuwa nimekaa chini ya jibu.

Jumamosi milio ilikuwa mingi zaidi, tena ilikuja miwili miwili. Nilikuwa nimeshika bisibisi Wilbert aliponishika kiwiko. Kiganja chake kingine kilikuwa juu ya spika, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

"Usiiguse," akasema. "Umeipataje hii?"

"Sijaipata, mzee. Ni ubovu, sijui umetoka wapi."

"Basi uache ubovu wako. Huu nausikia, Lorna. Nausikia mpaka kwenye meno."

Akaupitisha ule mlio kwenye vipande vingine, akaushusha uwe mzito zaidi, akaurudisha kidogo kwenye springi ujilishe wenyewe na kukua. Kufikia jioni alikuwa ametupa nusu ya muziki aliouandaa miezi minne na kuujenga upya juu ya mlio ule. Akaniomba nimwongezee nguvu ya springi. Nikamwongezea, kwa mkono wangu huu huu.

Jumapili saa nane mchana walikuja watu ishirini na wanane. Walipita katikati ya kuta za theluji zilizofika mabegani, wakakung'uta viatu, wakampa Aili makoti. Aili ni binti wa Wilbert, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Watu wakakaa kwenye mabenchi, wakazimiwa taa zote isipokuwa mbili za mezani, wakafumba macho kama wanavyofanya wapenzi wa muziki wa aina hii. Wilbert aliwapa mgongo, akalielekea kabati lake. Mimi nilikaa kando, karibu na nguzo ya tatu, kwenye meza ya kuchanganyia sauti.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha *tak* zikaanza kukaribiana. Nilidhani ni yeye anazisukuma. Nikamwangalia mikono: ilikuwa imetulia magotini. Bado zilikuja, tatu, nne, halafu radi moja ndefu iliyofanya mwanamke wa benchi la mbele ashike kifua chake na kutabasamu. Nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Ijumaa. Nikauchomoa waya unaoingiza sauti kwenye springi.

Waya ulikuwa mkononi mwangu. Hakuna chochote kilichokuwa kinaingia kwenye kile kibati kutoka kwenye mashine. Na radi iliendelea.

Nikaweka kiganja juu ya nguzo. Ilikuwa inashtuka shtuka, kama ubavu wa ng'ombe anayefukuza nzi. Nikainua kichwa, nikaiona kenchi. Katikati ya mti mweusi wa zamani kulikuwa na mstari mpya mweupe, mbao mbichi iliyofunuka, na vumbi lilikuwa linashuka taratibu ndani ya mwanga wa taa.

Nikasimama. "Tokeni nje! Paa linaanguka! Tokeni!"

Walitabasamu. Nawaapia, walitabasamu. Mwaka uliopita ukumbini humo humo mtu alivunja sahani sitini na tukampigia makofi, na mwingine alilia kwenye kipaza sauti kwa nusu saa. Mzee mmoja mwenye skafu nyekundu akaniitikia kwa kichwa kunisifu. Mwanamke wa benchi la mbele akainama upande wangu na kuninong'oneza, "Inatisha jamani. Safi sana."

"Si mchezo!" nikapiga kelele, sauti ikanikatika. "Si mchezo, jamani, ni kweli!"

Wakaniangalia kwa heshima, wakingoja nitakachofanya baadaye.

Nikaishika plagi kubwa ya umeme nikaing'oa. Spika zikafa, taa zikafa, ikabaki nuru ya kijivu iliyopenya madirishani juu ya theluji. Ndipo kutoka juu ya vichwa vyetu, bila spika wala springi, wakaisikia wenyewe. *Tak.* Na mara kishindo cha mti unaopasuka.

"Nje!" Aili akapaza sauti ya darasani. "Wote nje, acheni makoti!"

Hapo wakakimbia. Wengine walianguka, wakainuana, mabenchi yakapinduka. Wilbert alikuwa amegeuka na kunitazama. Nilinyoosha kidole juu, nikafungua mdomo wote: "Wilbert, toka! Paa!" Akanitazama kidogo. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Nikaona ameelewa. Nikawageukia vikongwe wawili waliokuwa wamekwama kati ya mabenchi, nikawashika mikono nikawasukuma mlangoni.

Nikiwa kizingitini niligeuka. Alikuwa hajatoka. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, mgongo kwetu, anapapasa sakafuni. Mkono ukainuka na plagi, akawa anatafuta tundu la umeme ukutani. Nikaliita jina lake, na paa likashuka.

Halikushuka kwa radi. Lilishuka kama gunia linalotuliwa, na upepo ukatoka mlangoni ukatujaza theluji usoni.

Duane alifika wa kwanza, na koleo lake, na baada ya dakika chache akalitupa akachimba kwa mikono. Tulichimba watu ishirini mpaka giza likaingia. Tulipomtoa, Duane akavua koti lake akamfunika. Alinipita mara mbili tatu akiangalia chini, na nilitamani angenitukana mbele ya watu wote.

Aili alinijia siku ya nne, baada ya mazishi. Hakukaa. Alisimama karibu na meza yangu ya kazi, glovu bado mikononi.

"Nataka kujua jambo moja tu," akasema. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia, Aili. Nilipiga kelele, nilimwonyesha juu. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Alikubali."

"Taa zilikuwa zimezimwa."

"Ndiyo."

Alivuta pumzi. Hakulia, na macho yake hayakuwa ya hasira. Afadhali yangekuwa.

"Baba alikuwa anakubali kila asichokisikia," akasema. "Miaka miwili sasa. Dukani, kanisani, kwa daktari. Aliona haya kuuliza mara ya pili. Alichojua yeye ni kwamba umeme umekatika na watu wanaondoka." Akazivuta glovu vizuri, kidole kimoja kimoja. "Ungemshika mkono, Lorna. Angekufuata."

Kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kiti chake zilikuwa hatua sita.