Isiyo na Waya

Fundi alikuwa ametengeneza redio za watu kwa miaka thelathini na minane, na sasa redio ya nyumbani kwake ilikuwa imekufa juu ya kabati na hakuna wa kuifungua. Mganga hajigangi, walisema majirani, na walisema wakicheka. Yeye mwenyewe alikuwa amelala chali, upande wa kulia umepooza, ulimi umefungwa, macho yakifuata nyufa za dari kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Kiharusi kilimpiga mara mbili. Cha kwanza kilimwachia maneno machache ya kukokoteza, na kwa maneno hayo alifanya utani wake wa mwisho. Koo lilikuwa limesahau kumeza, kwa hiyo muuguzi alimpitishia puani mpira mwembamba wa kumlishia. Fundi aliushika kwa vidole vya kushoto, akasema polepole, "Mmenitia waya. Mnataka nishike stesheni gani?" Mkewe alicheka hadi akatokwa machozi. Wiki moja baadaye kikaja kiharusi cha pili, kikayachukua maneno yote. Lile moja tu, waya, likabaki nyumbani, midomoni mwa wengine. Hakuna tena aliyesema mpira. "Nimeshausafisha waya." "Geuza kichwa taratibu, utakunja waya." Muuguzi peke yake, aliyekuja Jumanne na Ijumaa na begi lake, ndiye aliyeendelea kusema mpira.

Kilichobaki cha fundi kilikuwa ni mkono wa kushoto. Binti yake, mpiga pasi mahali pa kufulia mashuka ya hoteli, ndiye aliyegundua kwamba mkono ule bado unaelewa. Ukiulizwa jambo ukabana, ni ndiyo. Ukilala tu, ni hapana. Kwa njia hiyo walijua kama anaona baridi, kama anataka dirisha, kama amejisaidia.

Ila mkono huohuo ulikuwa mtundu. Mara mbili uliung'oa ule waya, na mara mbili muuguzi aliitwa mbio kuurudisha, fundi akiguna na kutoa machozi. "Pua inamwasha, masikini," alisema mama. Akachana shuka kuukuu, akaufunga mkono kwenye chuma cha kitanda. Tangu hapo ulifunguliwa wakati wa kumwogesha, na wakati wa kumwuliza kitu.

Jumapili moja mdogo wa kiume wa binti, dereva wa lori, alirudi kutoka safari akiwa na picha mbili kwenye simu.

"Baba hawezi kukaa anasikiliza mbu tu," alisema. "Tazama, dada. Hii ni spika ya blutuuthi. Ndogo kama kopo la maziwa, lakini ikinguruma utadhani kuna harusi."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo ya wazee. Sistimu ya mezani. Redio, sidii, spika zake mbili, vyote mwili mmoja."

"Kwani baba ni nini kama si mzee?"

"Mzee wa umri, si wa masikio!"

"Hilo kopo lako bila simu ni kopo kweli," alisema binti. "Ukishaondoka na lori lako nani ataliimbisha? Mama?"

"Msinitie humo," mama alisema. "Mimi simu yangu ni ya kupigiwa."

Walicheka wote watatu. Binti alikuwa na hakika ya jibu. Baba yake hakuwahi kuzipenda zile spika ndogo. Wateja walipomletea, alizigeuza, akatafuta skrubu, akakuta gundi tupu. "Kitu kisichofunguka si mashine," aliwaambia, "ni fumbo. Mrudishie aliyekufumbia." Sistimu ya mezani ilikuwa na skrubu nne mgongoni, zilionekana hata pichani. Ilikuwa na kitufe cha kuwasha, na kirungu cha kuzungusha kutafuta stesheni. Fundi angekiona tu kile kirungu angefarijika.

"Basi tumwulize mwenyewe," alisema dereva.

Mama akafungua fundo. Dereva akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono wa baba yake katika viganja vyake vipana.

"Baba, tunakununulia kitu cha kusikiliza. Ipo yenye waya, na ipo isiyo na waya. Tuchukue yenye waya?"

Mkono ulilala.

"Isiyo na waya?"

Mkono ukabana.

"Aa! Mmeona? Kaniponda vidole! Mzee anakwenda na wakati!"

"Rudia," alisema binti.

"Baba, isiyo na waya?"

Ukabana tena, na safari hii haukuachia. Dereva alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa maana ilibidi mama aje kuvibandua vile vidole kimoja kimoja. Halafu akaufunga mkono mahali pake.

Spika ililetwa kesho yake. Iliwekwa karibu na mto, ikaimba nyimbo za ujana wake fundi, sauti safi kuliko redio yoyote iliyowahi kupita mezani kwake. "Umeipenda, baba?" Mkono ulilala. "Si hiyo uliyoitaka?" Ulilala. Macho yalirudi darini.

"Amechoka tu," alisema dereva. Alimwachia mama simu yake ya zamani, akamfundisha pa kubonyeza, akaondoka na shehena ya saruji.

Ijumaa muuguzi alikuja kubadilisha mpira, maana mwezi ulikuwa umetimia. Mama alimshika mumewe mashavu. "Tulia, baba watoto. Leo unapata waya mpya."

Muuguzi akaitazama spika. "Waya wa nini tena, mama? Si mlisema hiki kitu chenu hakina waya?"

"Siyo hicho. Nasema huo wa puani. Sisi hapa ndio tunauita waya."

Binti alikuwa anakunja taulo. Mikono ilimsimama. Alipoinua uso alikuta macho ya baba yake yameshuka kutoka darini na yamemtulia yeye, na hayakupepesa hadi muuguzi alipoanza kusukuma mpira mpya na yakajaa maji.

Mama alipomsindikiza mgeni mlangoni, binti alifungua lile fundo haraka haraka kama mwizi.

"Baba. Siku ile ulipobana. Ulikuwa unasema spika?"

Mkono ulilala.

"Ulikuwa unasema huu?" Akaugusa ule mpira kwa ncha ya kidole.

Mkono ukabana.

"Lakini baba, unajua ukitolewa..."

Ukabana kabla hajamaliza.

Alisikia viatu vya mama vikirudi. Akaufunga mkono wa baba yake, yeye mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akaenda jikoni akafungua bomba maji yatiririke.

Siku nne hakusema. Kazini, mvuke wa pasi ulipompanda usoni, aliomba midomo ikitikisika, na wenzake walidhani anahesabu mashuka. Ee Mungu, kama nimesikia vibaya, nisahihishe. Kama nimesikia vizuri, tuma na mwingine akasikie. Alijua hayo maombi ya pili ni ya mtu mwoga. Aliyarudia hata hivyo. Nyumbani alimwosha baba yake, akamlisha kwa bomba la sindano, na hakumwuliza tena hata kama anaona baridi.

Jumatano alirudi akamkuta mama anabadilisha kitambaa. Cha zamani kilikuwa sakafuni kina damu. Kifundo cha mkono kilikuwa kimechubuka hadi nyama nyekundu. Mama alikuwa amechana kipande kipya, kipana zaidi.

Binti akampigia mdogo wake simu. Jumamosi dereva alifika, suruali ikiwa bado nyeupe kwa saruji, na binti akawaambia wote wawili alichojibiwa na mkono, amesimama kwa sababu akikaa asingeweza.

"Unataka kumuua baba kwa kuminywa kidole?" dereva alifoka. "Mkono wa mgonjwa huo, unajiminyia tu!"

"Kama unajiminyia tu, mbona spika ulikwenda kuinunua?"

Dereva alisogea kitandani. Akavuta kitambaa, akaushika mkono, akauliza kwa ukali kama anayemhoji mtoto aliyevunja kitu. "Baba, unataka huu mpira ubaki?" Ulilala. "Unataka utolewe?" Ukabana. Akauliza kinyumenyume, akauliza kwa kuchanganya, akataja spika, akataja dirisha. Kila mara mkono ulijibu sawasawa. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hata kama ndiyo mwisho, baba?" Ukabana, kisha kidole gumba kikampapasa mwanawe juu ya ngozi, mara moja, hivi. Dereva akauachia mkono, akatoka nje.

Mama hakuwa amesogea.

"Nilijua," alisema.

Binti akamgeukia.

"Siku ya kwanza nilipomfunga nilijua. Pua haiwashi namna ile. Alinitazama, nikafunga fundo." Alikunja kile kipande cha shuka mapajani, akakikunjua. "Roho si yangu kuitoa, mwanangu. Ndivyo nilivyosema moyoni."

"Wala si yetu kuifunga, mama."

Mama aliinamisha kichwa. Walikaa hivyo hadi dereva aliporudi amenawa uso.

Muuguzi alikuja na daktari wa zahanati, mtu mpole mwenye haraka. Naye alimwuliza fundi, naye akabanwa vidole. Akawaeleza bila kuzungusha: mgonjwa ana haki ya kukataa. Watampa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, hata kama mengine yatapotea njia. Watamlowesha midomo. Zitakuwa siku, si wiki. Mama akauliza kama atasikia njaa, na daktari akasema mwanzoni, labda.

Mpira ulitoka kwa pumzi moja. Fundi alikohoa. Kisha mkono wa kushoto, uliokuwa huru na umezungushiwa bandeji, ukapanda taratibu hadi puani, ukajikuna. Alijikuna kwa muda mrefu, macho amefumba.

Aliishi siku nane zaidi. Dereva hakuondoka, alilala chini, kando ya kitanda. Spika aliirudisha kwenye boksi lake bila kuulizwa na mtu. Binti alichovya pamba na kupaka midomo iliyopasuka. Hakuuliza tena maswali. Aliomba kwa maneno machache sana, mengine yakawa hayana mwisho.

Alasiri ya siku ya saba mama alivuta kigoda, akakaa upande wa kushoto, akauweka mkono wa mumewe katikati ya yake. Alikuwa amejifunga kitambaa safi kichwani kama anayekwenda mbele ya watu.

"Baba watoto," alisema. "Nilikufunga nikijua. Umenisamehe?"

Mkono ulilala.

Alingoja. Nje mtu aliburuta ndoo, akaacha. Mama hakuuliza mara ya pili. Aliendelea kuushika, akiuangalia, kama mtu aliyepewa karatasi iliyoandikwa na hajui kusoma.

"Amelala, mama," alisema binti kutoka mlangoni.

Macho ya fundi yalikuwa wazi nusu. Kutoka pale aliposimama, binti hakuweza kuona yanatazama wapi.